Uraibu, Umakini na Akili: Uhakiki wa Maneno Yanayotumiwa Kuhusu Mitandao ya Kijamii

Mjadala juu ya mitandao ya kijamii umekwisha kuingia katika Kiswahili kwa kishindo. Magazeti, mahubiri, vipindi vya redio na insha za shule za sekondari husema karibu kwa sauti moja: vijana wamekuwa waraibu wa simu, umakini wao umepungua, na afya yao ya akili imo hatarini. Aghalabu madai haya hukubaliwa kabla ya kuchunguzwa. Makala haya hayakusudii kukanusha kwamba madhara yapo. Yanakusudia kuyapima maneno matatu yaliyoubeba mjadala huo, yaani uraibu, umakini na akili, kwa sababu neno lisilopimwa huweza kumhukumu mtu kabla ushahidi haujatolewa.

Na tuanze na uraibu. Katika matumizi ya zamani ya pwani, neno hili lilikuwa jina la vitu vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Uraibu uliwekwa katika kijaluba, ukaandaliwa mgeni, ukatafunwa huku mazungumzo yakiendelea. Baadaye maana ilihama kutoka kwenye kitu hadi kwenye hali ya mtu asiyeweza kukiacha kitu, na leo mraibu anayekuja kwanza katika fikira za msikilizaji ni yule aliyenaswa na dawa za kulevya. Neno hilo hilo linapobandikwa kwa msichana anayefungua simu usiku kutazama picha za wenzake, linamvika hukumu nzito kuliko ile ambayo matabibu wenyewe wamekubali kuitoa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, inatambua maradhi yatokanayo na michezo ya kompyuta. Matumizi ya mitandao ya kijamii hayakuorodheshwa humo kama maradhi ya peke yake.

Upungufu mwingine wa neno hili ni wa kisarufi. Uraibu una mhusika mmoja tu, naye ni mraibu. Haumtaji aliyemfikisha hapo. Ilhali katika swala hili watendaji wapo, na baadhi yao wamesema wazi. Mbinu ya ukurasa usio na mwisho, ambao huendelea kuleta mambo mapya kadiri kidole kinavyousukuma, ilibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alieleza majuto yake. Mwaka 2017 Sean Parker, rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri kwamba waanzilishi walijiuliza ni vipi wangeweza kuchukua muda na fikira za watu kwa kadiri kubwa iwezekanavyo. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya “vijana waraibu” hufunga mjadala bila ya kuwagusa watu hao.

Neno la pili ni umakini. Mtafiti wa Marekani Gloria Mark alipima muda ambao mtu hukaa na jambo moja kwenye skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ulishuka hadi sekunde 47 hivi. Takwimu hizi hunukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba bongo za watu zimedhoofika. Lakini kilichopimwa ni mwenendo wa mtu mbele ya chombo fulani. Uwezo wa akili yake haukupimwa. Mwanafunzi asiyemaliza kurasa mbili za riwaya simu ikiwa kando yake, huyo huyo hutazama dakika 90 za mpira bila ya kupepesa.

Hapa maana ya awali ya neno lenyewe inaweza kutoa msaada. Makini ilikuwa ni utulivu na upole wa mwenendo kabla ya kuwa nguvu ya kukaza fikira. Utulivu huhitaji mahali pake na wakati wake, na huweza kuvurugwa na mtu mwingine. Kwa hiyo anayesema kwamba vijana wamepoteza umakini hajasema uongo, ila ameacha kuuliza ni nani anayewavurugia utulivu, na anapata faida gani.

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa zaidi. “Afya ya akili” ni tafsiri ya sisisi. Katika Kiswahili huzuni hukaa moyoni: moyo huwa mzito, moyo huvunjika, mtu husononeka. Akili ni ya kujua na kupambanua, na “mgonjwa wa akili” kwa wasikilizaji wengi ni mwenda wazimu. Kijana aliyekosa usingizi na kuanza kujidharau kwa kujilinganisha na wenzake, akiambiwa kwamba akili yake ni mgonjwa, huenda akaficha hali yake badala ya kuomba msaada.

Tena ushahidi wenyewe ungali unabishaniwa. Jonathan Haidt, katika kitabu chake The Anxious Generation cha mwaka 2024, anadai kwamba utoto ulibadilishwa na simu kati ya 2010 na 2015, na kwamba ongezeko la huzuni na wasiwasi lilitokana na badiliko hilo. Kabla yake, mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua habari za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba matumizi ya vyombo vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Hata hivyo wastani huficha mengi. Asilimia ndogo katika umati haimfariji yule mmoja aliyeumia. Ubora wa kitabu cha Haidt ni kwamba kinataja hasara zinazoonekana, kama vile usingizi uliopotea na michezo ya nje iliyoachwa. Udhaifu wake ni kuitwika simu sehemu kubwa mno ya lawama.

Kiswahili hakikosi maneno ya kulieleza jambo hili kwa haki. Watu husema “kuteka nadhari,” aghalabu kwa kusifu. Lakini kuteka pia ni kunyang’anya na kuchukua mateka. Msemo huu una mtekaji, una mtekwa, na una kitu kilichotekwa. Kwa hiyo unamlazimisha mwandishi kuwataja wote. Yafaa “mazoea” yatumike kwa mwenendo wa kawaida, “kutekwa nadhari” pale ambapo chombo kimeundwa kwa kusudi hilo, “sonona” kwa huzuni inayodumu, na “uraibu” uachiwe wale ambao kweli wameshindwa kuacha huku maisha yao yakiharibika.

Jukumu hili ni la wahadhiri kabla ya wengine, kwa kuwa wao ndio watungao mitihani, wasahihishao insha na waharirio kamusi. Kila mwaka mamia ya wanafunzi huingia madarasani mwao na simu mifukoni. Baadhi yao wamechoka, na wachache wameumia. Namna watakavyoitwa itaamua kama watasema yaliyowapata au watanyamaza.