Kupanua C Bila Kuua D: Namna ya Kumpima Fundi wa Diski, Mbarara na Nakivale

Mwenye jicho la kazi akifungua ramani ya diski kwenye laptopu ya mtumba na kukuta draivu C ina GB 97.66, amekwisha kujua nusu ya habari. Aliyepiga Windows humo aliandika 100000 kwenye kisanduku cha ukubwa, akidhani anapata GB 100 kamili. Kisanduku kile huhesabu kwa megabaiti, na gigabaiti moja ya Windows ina megabaiti 1,024. Mia kamili ilihitaji 102400. Ukikuta 195.31, ujue mtu aliandika 200000. Kosa hilo haliharibu kitu, lakini linasema jambo: diski ilikatwa kwa mazoea, na hakuna aliyemuuliza mwenye mashine atafanyia nini.

Laptopu za namna hiyo hupita sana mikononi mwa mafundi wa Mbarara, mji wa Uganda uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Wateja wao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa 1989, wenye steshenari, wafanyakazi wa mashirika, na watu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1958 upande wa Isingiro. Kutoka huko anaweza kuja Mkongomani aliyeskani vyeti vya shule vya wanawe, au Mrundi anayepiga picha za harusi pale Base Camp. Lalamiko ni lilelile: C imejaa mpaka mstari wake umekuwa mwekundu, Windows inagoma kupokea masasisho, na D iko karibu tupu.

“Fundi, niongezee C.”

Kazi hiyo ikifanywa vizuri au vibaya, siku ya kwanza zote mbili huonekana sawa. Laptopu inawaka, C imenenepa, mteja analipa. Tofauti hujitokeza baada ya miezi, lakini dalili zake zipo tangu mwanzo kwa anayejua pa kutazama. Kwa ufupi, kazi bora ya diski ni ile iliyogusa vitu vichache kadiri ilivyowezekana, na ambayo kila hatua yake ilikuwa na njia ya kurudi.

Maswali kabla ya kazi

Fundi mzuri huanza na mtu kabla ya mashine. “Mama, hizi picha zipo pengine popote, au ni humu tu?” Kwa mteja wa Nakivale swali hilo lina uzito wa pekee. Picha za nyumbani Bukavu au Uvira haziwezi kupigwa upya, na nakala ya cheti ambacho karatasi yake ilipotelea vitani ndiyo cheti chenyewe sasa. Kupandisha GB 200 mtandaoni kwa bando la simu ni gharama ambayo wachache wataimudu, kwa hiyo bekapu ya kweli ni diski ya nje. Fundi asiye na diski hiyo, na asiyemwambia mteja aje na yake, hajajiandaa, hata kama mikono yake ni myepesi kiasi gani.

Swali la pili analijiuliza mwenyewe: je, patisheni, yaani vipande vya diski kama C na D, zinahitaji kuguswa kweli? Programu ya bure kama WinDirStat humwonyesha kwa rangi ni mafaili gani yanayokula nafasi. Mara anakuta folda ya Windows.old iliyoachwa na toleo lililopita, ambayo Windows yenyewe huifuta siku 10 baada ya kupandishwa toleo isipokuwa kuna kitu kilichokwama. Mara anakuta hiberfil.sys, faili la kuilaza mashine, ambalo kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 8 hizo ni zaidi ya GB 3. Mara nyingine folda ya Downloads imejaa filamu, na inaweza kuhamishiwa D nzima kwa kubadilisha anwani yake kwenye sifa za folda, huku mteja akiendelea kuiona palepale alipoizoea.

Fundi akipata nafasi ya kutosha kwa njia hizi, akamrudishia mteja laptopu bila kusogeza mpaka hata mmoja, amefanya kazi ya juu. Tatizo ni kwamba haina mbwembwe, na wateja wengi huona ugumu kuilipia.

Afya ya diski

Kama mpaka lazima usogezwe, jambo linalofuata ni kupima diski. CrystalDiskInfo huonyesha ripoti ambayo diski hujiandikia yenyewe. Mistari ya kutazama ni 05 na C5. Ya kwanza huhesabu sekta zilizokufa zikabadilishwa na za akiba. Ya pili huhesabu sekta zinazotiliwa shaka, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua kuzitupa. Programu ikigeuka njano na kuandika Caution, kazi ya patisheni isimame hapo.

Sababu ni ya kiufundi kabisa. Kusogeza patisheni kwenye diski ya sahani zinazozunguka ni kusoma mamia ya gigabaiti na kuyaandika upya hatua chache pembeni, kwa saa kadhaa mfululizo. Diski iliyochoka ambayo ingeweza kuishi mwaka mwingine kwa matumizi mepesi inaweza kufia katikati ya safari hiyo. Anayejua kazi huinakili kwanza nzima kwenda diski nyingine, kwa chombo kama ddrescue kinachoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, kisha humshauri mteja kununua SSD. Diski mpya ikiwa kubwa kuliko ya zamani, ugomvi wa C na D huisha wenyewe.

Hapo pia uaminifu hupimwa. Mteja aliyeambiwa anauziwa GB 500 ataona 465 kwenye skrini na kushuku kaibiwa. Fundi mkweli humweleza palepale: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Kusoma ramani

Ramani yenyewe hufunguliwa kwa Disk Management. Kwenye laptopu ya kawaida ya miaka ya karibuni, kutoka kushoto, kuna kisehemu cha MB 100 cha kuwashia mashine, kisha C ya 97.66, kisha kisehemu cha megabaiti mia kadhaa kilichoandikwa Recovery, kisha D ya GB zaidi ya 360. Mteja anaona C na D tu. Fundi anaona vile viwili vidogo pia, na hasa kile kilichokaa katikati.

Sheria ya hapa ni ile ya viwanja, na Nakivale haihitaji kuelezwa sana, maana kaya nyingi huko zimepimiwa kipande chake na kuoneshwa mpaka. Ukitaka kupanua chako, ardhi iliyo wazi lazima iguse mpaka wako. Jirani akikumegea upande wake wa mbali, hujapata kitu. Windows ikipunguza D, nafasi inayopatikana hutokea mwishoni mwa D, kulia kabisa. C haifikii. Ndiyo maana fundi mchanga hupunguza D, anarudi kwenye C, anakuta amri ya Extend Volume imefifia haibonyezeki, na kuanza kutoa jasho.

Kutoka hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni kufuta D na kuimeza, na hiyo ndiyo njia inayoua picha za watu. Ya pili ni kuhamishia mali yote ya D kwenye diski ya nje, kuihakiki, kisha kufuta D, kupanua C, kuunda D ndogo zaidi na kurudisha mali. Ya tatu ni kuwasha mashine kwa fleshi yenye GParted, programu huria iliyopo tangu 2004, na kusogeza mwanzo wa D kuelekea kulia. Katika zote, kile kisehemu cha Recovery kilicho katikati nacho lazima kipishe, kama itakavyoonekana mwishoni. Mafundi wazoefu wengi hupendelea ya pili hata pale ambapo ya tatu ingewezekana: bekapu ilikuwa lazima ifanywe vyovyote vile, na kurudisha mafaili ni salama kuliko kuyasogeza yakiwa hai.

Diski za zamani zina mtego wa ziada. Mpangilio wa MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, huruhusu patisheni kuu nne tu na hauoni zaidi ya TB 2 kwenye diski za sekta za baiti 512. Fundi akijaribu kuongeza ya tano, Windows humshawishi aigeuze diski iwe “dynamic”. Anayebonyeza kukubali bila kusoma humwachia mteja diski ambayo GParted haiwezi kuipanga, na ambayo Microsoft wenyewe wameshaiweka kando. Mpangilio mpya wa GPT hauna tabu hiyo. Windows huupa nafasi ya patisheni 128.

Wenye Linux nao wana masharti yao: ext4 hupunguzwa tu ikiwa haitumiki, na XFS hupanuka lakini haipungui. Fundi anayeahidi kupunguza XFS hajawahi kuifanya.

Siku yenyewe

Kabla ya kugusa mpaka, zipo hatua ambazo mteja akisimama karibu ataziona. Fundi hukagua kama BitLocker imefunga diski, jambo la kawaida kwa laptopu zilizotoka maofisini, na akiikuta huisitisha kwanza huku akihakikisha ufunguo wake wa tarakimu 48 umeandikwa mahali. Huzima ile Fast Startup, kwa sababu inaiacha Windows nusu usingizi na GParted haitakubali kuigusa ikiwa hivyo. Huendesha chkdsk ili makosa madogo ya mafaili yasije yakakuzwa.

Kisha umeme. Patisheni inayosogezwa ikikatikiwa na umeme, nusu ya data iko mahali papya na nusu iko pa zamani. Betri ya laptopu ya mtumba inaweza kuonyesha asilimia 90 ikazima baada ya dakika kumi, kwa hiyo fundi makini huijaribu bila waya kabla ya kuiamini. Nakivale, ambako nyumba na vibanda vingi hutegemea sola, kazi ya saa nne huanza asubuhi, si jioni betri ya sola ikiwa imeshachoka. Kompyuta ya mezani bila UPS isisogezwe patisheni kabisa. Hapo njia ya diski ya nje ndiyo pekee.

Mambo yakiharibika, ubora wa fundi huonekana kwa namna anavyoacha kugusa. Patisheni iliyofutwa kwa bahati mbaya haijaenda popote mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. GPT huweka nakala ya pili ya ramani mwishoni mwa diski, na TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, inaweza kutafuta mipaka iliyopotea na kuirudisha. Anayepaniki akapiga Windows upya juu ya ajali hufunga mlango huo kwa mkono wake.

Kukagua kabla ya kulipa

Safari ya kurudi Nakivale ni ndefu, na nauli ya kuja tena ni pesa. Ukaguzi ufanyike mezani kwa fundi.

Mteja aombe picha mbili za ramani ya diski, kabla na baada. Kipande chochote cheusi kilichobaki bila kugawiwa kiwe na maelezo. C ibaki na nafasi ya kupumua: toleo la Windows 10 la Mei 2019 lilianza, kwenye mashine mpya, kujitengea kama GB 7 kwa masasisho peke yake.

Kisha afungue msinfo32 na kutafuta mahali kila patisheni inapoanzia. Ya kwanza ikianzia baiti 1,048,576, yaani megabaiti moja kamili, mambo ni sawa. Ikianzia 32,256, ni mpangilio wa enzi za Windows XP: namba hiyo haigawanyiki kwa 4,096, na diski nyingi za leo husoma na kuandika kwa vipande vya 4,096. Kila andiko linaweza kugusa vipande viwili badala ya kimoja, na mashine itakuwa nzito bila sababu inayoonekana.

Kipimo cha mwisho ni kile kisehemu cha katikati, Recovery. Fundi mvivu hukifuta kwa sababu kimemzibia njia, na hakuna atakayejua mpaka siku Windows itakapogoma kuwaka. Januari 2024 wengi duniani walikutana na upande mwingine wa jambo hilo: sasisho KB5034441 liligoma kwa kosa 0x80070643 kwenye mashine ambazo Recovery yake haikuwa na MB 250 zilizo wazi. Fundi mzuri huizima Recovery kwa amri ya reagentc, hufuta kisehemu chake cha zamani, hupanua C, hutengeneza Recovery mpya yenye nafasi, na kuiwasha tena. Uthibitisho ni amri moja, reagentc /info, ikiandikwa kwenye dirisha jeusi lililofunguliwa kwa haki za msimamizi. Ikijibu Enabled, mteja azime na kuwasha mashine mara mbili, afungue picha chache za zamani na faili moja kubwa, kisha alipe. Ikijibu Disabled, laptopu irudi mezani hata kama C sasa ina GB 200.