Foleni ya Kuundia Programu Hujulikana Siku ya Msongamano

Anayekusifia mtambo wa kuundia programu atakuonyesha asubuhi tulivu: badiliko moja limepokelewa, injini inayounda programu imelichukua, dakika chache baadaye taa ya kijani. Usihukumu kwa hayo, maana pasipo watu kila foleni ni nzuri. Ngoja mkesha wa kutoa toleo jipya, kila mtu akisukuma msimbo wake kwa pamoja, ndipo uketi uitazame.

Cha kwanza kuangalia si kasi, bali kama foleni inakuambia kwa nini unasubiri. Hapa Jenkins, programu ya kuendesha foleni kama hizi ambayo Kohsuke Kawaguchi aliianza akiwa Sun Microsystems kwa jina la Hudson na ambayo ilibadilishwa jina mwaka 2011 baada ya mvutano na Oracle, bado inastahili heshima ingawa sura yake imezeeka. Ombi linaloningojesha kwa sababu kazi nyingine ya mradi uleule haijaisha halichanganywi na ombi lililo tayari lakini limekosa mashine. La kwanza linatibiwa kwa subira, la pili kwa kuongeza mashine au kusahihisha lebo iliyoandikwa vibaya. Foleni inayoyaita yote mawili “inasubiri” inakuachia wewe kazi ya upelelezi. Na ombi linalotaka aina ya mashine isiyokuwapo kabisa linaweza kukaa humo hadi Jumatatu bila kulalamika.

Tazama pia zile sekunde 5 za ukimya ambazo Jenkins, isipobadilishwa, huziweka kati ya ombi kuingia na kazi kuanza. Wageni huziona ni uzembe. Asili yake ni enzi za mfumo wa kuhifadhi msimbo wa CVS, ambapo badiliko la mtu mmoja liliingia faili baada ya faili, na injini yenye pupa ingeweza kuchukua nusu yake. Ni konda asiyegonga bati mpaka mguu wa mwisho uingie. Katika muda huo, maombi yanayofanana huunganishwa kuwa moja, lakini yakitofautiana vigezo hubaki mbalimbali. Mtambo unaounda msimbo uleule mara nne mfululizo kwa sababu watu wanne wamebonyeza kitufe haujafunzwa kazi.

Mpangilio nao una ladha yake. Si lazima aliyetangulia atangulie. Katika mradi wa mfumo endeshi wa Debian, mfumo uitwao wanna-build husambaza kazi kwa mashine za aina mbalimbali za prosesa, na kanuni zake za zamani zilitazama kwanza kama kifurushi kiliwahi kuundwa, kisha umuhimu wake, kisha fungu lake, na mwisho kabisa alfabeti. Busara, ila msongamano ukizidi, kifurushi duni chenye jina linaloanza na Z kitajionea. Kinachonivutia zaidi humo ni hali ya Dep-Wait: kifurushi kinachokosa maktaba fulani hakihesabiwi kuwa kimeshindwa. Huwekwa pembeni, na maktaba ile ikipatikana hurudishwa foleni chenyewe. Huo ndio ufundi. Mitambo mingi ingewasha taa nyekundu na kumwamsha mtu bure.

Sasa injini. Sifa yake kuu ni usahaulifu. Jenkins hupenda kuirudisha kazi kwenye mashine iliyoifanya mara iliyopita, ili faili zilizokwisha kuletwa zitumike tena. Unaokoa dakika, lakini pia unarithi takataka: faili iliyofutwa kwenye msimbo jana bado iko kwenye diski, na programu inaundika kwa bahati. Programu ya sbuild ya Debian huanza kila kazi ndani ya mazingira safi ambayo hutupwa baadaye. Mimi huchagua usafi, hata ukinigharimu muda.

Usafi huo hauna maana bila uaminifu. Shambulio la kimtandao dhidi ya kampuni ya SolarWinds, lililofichuliwa Desemba 2020, halikuhitaji kugusa hifadhi ya msimbo: programu ovu ilivizia kwenye mashine ya kuundia, ikabadilisha faili moja wakati wa kukompaili, kisha ikairudisha ya asili. Ndiyo maana mtambo bora hukubali kupimwa. Peleka msimbo uleule kwenye mashine mbili zenye zana zilezile ulinganishe matokeo baiti kwa baiti. Yakitofautiana, kosa la kawaida ni tarehe na saa zilizopachikwa ndani. Kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH kilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa.

Jaribio la mwisho ni la ukatili kidogo. Kazi ikiwa katikati, chomoa waya wa mtandao wa mashine. Injini nyingi huiuliza foleni mara kwa mara kama kuna kazi. Ikinyamaza, foleni nzuri hugundua ndani ya muda uliowekwa, huandika kwamba mashine imepotea, na hulirudisha ombi au hulifunga waziwazi. Mbaya itaendelea kukuonyesha mstari wa maendeleo ukimeta kwenye asilimia ileile, na maombi mengine yote yamejipanga nyuma yake.