Kiherehere cha Mbwa Ni Mtaji

Ploti nyingi za Kitengela ni futi hamsini kwa mia. Ukishajenga nyumba, ukachimba shimo la choo na kutenga pa kuegesha gari, kinachobaki ni pa kuanikia nguo, na pembeni kabisa, kando ya tangi la maji, kibanda cha mbwa. Mara nyingi anayekaa humo ni shepadi wa Kijerumani au chotara wake, aliyenunuliwa akiwa mdogo ili maneno "Mbwa Kali" yaliyopakwa rangi langoni yasiwe uongo. Mchana kutwa dunia yake ni upenyo ulio chini ya lango: magurudumu ya bodaboda, viatu vya watoto wa shule, kwato za mbuzi. Anaviona na kuvisikia, lakini havifikii. Saa tatu usiku komeo likivutwa, anafyatuka kama jiwe la manati. Akifikisha miezi tisa ameshamrukia kila mgeni kifuani, ameshararua nguo kwenye kamba, na akitolewa nje anamburura mwenyewe hadi barabarani. Hapo hukumu hutolewa: mbwa huyu ana wazimu. Tiba zinazopendekezwa ni mbili, fimbo ama kukimbizwa mpaka achoke, na zote mbili, kwa maoni yangu, zinatibu ugonjwa usiokuwepo. Kiherehere kile ndicho mtaji wote alio nao mbwa. Kinachokosekana ni biashara ya kuutumia, na biashara hiyo ina bei moja tu: kila anachokitamani mbwa hununuliwa kwa utulivu.

Ushahidi wa kwanza uko Tanzania, ukiifuata barabara ya Namanga inayopita Kitengela, ukavuka mpaka na kuipita Arusha kidogo. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa nyara za wanyamapori, na kituo chake cha mafunzo kikawa Usa River. Mbwa walitoka Ulaya, waongozaji wao wakatoka katika mamlaka za wanyamapori za nchi zetu, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikiwamo, na waliohitimu wakapelekwa kwenye viwanja vya ndege na bandari, Mombasa ikiwa mojawapo. Kinachonivutia ni namna mbwa wa kazi ya aina hii anavyochaguliwa. Mchaguzi hamtafuti mpole. Hurusha mpira kwenye majani marefu, kisha akaangalia ni nani ataendelea kuutafuta wakati wenzake wamekata tamaa, ni nani atapanda juu ya matairi na kupenya chini ya mabomba kwa ajili ya kitu kisicholiwa. Yule ambaye kwa mwenye nyumba angeitwa mwendawazimu ndiye anayekatiwa tiketi ya ndege.

Baada ya hapo mpira unakuwa mshahara. Pembe ya ndovu hufichwa katika kimojawapo cha visanduku vilivyopangwa mstari, na mbwa akiinusa, mpira hutokea papo hapo. Marudio yakitosha, harufu yenyewe inakuwa habari njema. Ndipo linapoongezwa sharti: mpira hautoki mpaka mbwa agande, pua ikiwa palepale, au akae chini kimya. Akikwaruza sanduku, hapati kitu. Akibweka, hapati kitu. Ukimtazama mbwa wa namna hiyo akiwa ameganda utaona misuli ya mapaja inatetemeka. Msisimko haujatoka mwilini. Umefungiwa mahali pamoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ufunguo. Kaunti ya Kajiado, ilimo Kitengela, nayo ina mbwa wa kazi wa kwake. Big Life Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2010 na kuweka makao Mbirikani, upande wa Amboseli, ina mbwa wa kufuata nyayo wanaofanya kazi na askari wake wa wanyamapori. Katika kazi ya kufuata harufu ya mtu, desturi ya wakufunzi wengi ni kumvalisha mbwa mkanda wa kifuani pale tu msako unapoanza na kuuvua unapokwisha, hivyo mkanda ukawa kama swichi ya taa. Mbwa hujifunza kwamba kuna saa ya kuwaka na saa ya kuzima, jambo ambalo mbwa wa kibandani hajawahi kuambiwa.

Sayansi nayo imelipima jambo hili kwa karibu. Mwaka 2015 Emily Bray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio la mbwa 106: 30 wa kufugwa nyumbani, na 76 waliokuwa wakiandaliwa kusaidia watu wenye ulemavu. Kila mmoja aliwekwa nyuma ya kizuizi kinachoonyesha upande wa pili, mtafiti akasimama ng'ambo na kitamu mkononi. Ili kukipata, mbwa alipaswa kuiacha njia iliyonyooka, akubali kwanza kwenda kando, azunguke. Safari nyingine mtafiti aliita kwa sauti ya kawaida. Safari nyingine alipaza sauti kwa shangwe huku akikipunga kile kitamu. Wale wa huduma, ambao kwa kawaida ni watulivu, walifanya vizuri zaidi wakichangamshwa. Wale wa nyumbani, waliokwisha kuwa na msisimko wa kutosha, waliharibikiwa, wakabaki kukigonga kizuizi. Sasa mfikirie mwenye nyumba anayesimama langoni akipiga kelele "Kaa! Kaa! Kaa!" huku mkono mmoja ukivuta kamba. Anadhani anatoa amri. Kwa mbwa anaongeza kuni, na mbwa hakaidi: kwa dakika ile kichwa chake hakina nafasi ya kupokea neno.

Kwa hiyo kazi huanzia pale ambapo moto ni mdogo, na pazuri kuliko pote ni kwenye sufuria ya jioni. Iwe ni ugali uliochanganywa na mapafu ya ng'ombe kutoka buchari, bado moto. Mlishaji anasimama na sufuria kiunoni, hasemi neno. Mbwa ataruka, atabweka, atazunguka, sufuria haishuki. Mwishowe, kwa kuchoka au kwa kubahatisha, makalio yatagusa chini. Sekunde hiyohiyo sufuria inaanza kushuka. Atainuka, bila shaka, nayo inapanda tena, bila hasira, bila "wee!". Inashuka akikaa, inapanda akiinuka, mpaka ifike chini naye bado amekaa, ndipo anapoambiwa "haya". Siku ya kwanza zoezi linaweza kula dakika kumi na chakula kikapoa. Baada ya siku kadhaa, wengi hukaa mara tu wanaposikia mfuniko. Mwanasaikolojia David Premack alieleza kanuni yake mwaka 1959: jambo ambalo kiumbe hulifanya kwa hiari linaweza kulipia lile ambalo hafanyi kwa urahisi. Kula kunalipia kukaa. Baadaye kufunguliwa mlango wa kibanda kutalipia kukaa, kutoka langoni kutalipia kukaa, na kukimbilia mpira kutalipia kumtazama mwenyewe usoni. Wakati ndio kila kitu hapa. Tuzo ikichelewa hata sekunde chache, inalipa kitu kingine, pengine kule kuinuka.

Kutoka kwenye sufuria hadi barabarani ndiko wengi wanakoanguka, na sababu yake ni ya hesabu tu. Ploti ya hamsini kwa mia ina urefu wa mita thelathini hivi, nyumba imekula nusu, hivyo lango na bodaboda haviko mbali kamwe. Mbwa hupitishwa moja kwa moja kutoka kimya cha kibandani hadi kwenye honi. Dawa yake ni umbali: kwenda kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, kuelekea Kisaju na Isinya, kusimama mbali na barabara kiasi kwamba mbwa anaiona pikipiki na bado anaweza kula kipande cha ini kilicho mkononi. Akikikataa mahali fulani, hapo ni karibu mno. Rudi nyuma hatua ishirini. Siku zinavyokwenda nafasi inapunguzwa. Kazi hii haina mvuto wa kutazamwa, na pengine ndiyo maana haipigwi video.

Wapo watakaosema fimbo imefuga mbwa tangu enzi za babu, na haikushindwa. Ni kweli kwamba fimbo husimamisha kitendo, tena haraka, na kumpigia mtu hesabu ya majuma mawili wakati nguo zake zinararuliwa leo si rahisi. Lakini swali ni mbwa amejifunza nini. Utafiti wa Ureno uliochapishwa mwaka 2020, ukiongozwa na Ana Catarina Vieira de Castro, uliwafuatilia mbwa 92 kutoka shule za mafunzo. Waliofunzwa zaidi kwa maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi za mfadhaiko mafunzoni, na mate yao baada ya mafunzo yakawa na kotisoli, homoni ya mfadhaiko, iliyopanda. Mfadhaiko ni msisimko vilevile, umebadili nguo tu. Anayempiga mbwa mwenye kiherehere anamrudisha palepale kwenye kizuizi cha Duke. Na kuna hasara ya pili: anayepigwa kwa kunguruma huacha kunguruma, akabaki na meno bila onyo. Kuhusu kumkimbiza nyuma ya pikipiki mpaka alale, sina mengi. Baada ya miezi miwili utakuwa na mbwa mwenye wazimu uleule na mapafu ya mwanariadha wa Iten.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la ulinzi: mbwa akiwa mtulivu, nani atamwogopa? Jibu liko jirani. Kitengela inapakana na nyanda ambazo simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi huzipitia, na Juni 2012 simba sita waliuawa Ilkeek-Lemedung'i baada ya kuvamia mifugo. Katika maboma ya Wamaasai wa huko mbwa ni kengele ya usiku, na kengele ina thamani kwa sababu hailii ovyo. Mbwa yule amekua miguuni mwa kondoo. Ndama akipita, mtoto akilia, mgeni wa mchana akisalimia, havimshughulishi. Akibweka saa nane usiku watu huinuka. Yule wa mjini anayebwekea kila tairi amewafundisha wenye nyumba kulala fofofo, na mwizi analijua hilo. Utulivu haumpunguzii mlinzi ukali; unampa mwenye nyumba sababu ya kuusadiki. Wanaodai kwamba chakula ni hongo nao wangekuwa na haki kama kipande kingeonyeshwa kabla ya kazi. Kinapokuja baada ya kazi, na baadaye kikaja mara moja katika tano bila mbwa kujua ni ipi, huo ni mshahara, na hakuna soja anayelinda bila mshahara.

Anayetaka kwenda mbele zaidi, mpaka kwenye utii wa mashindano na mbio za vikwazo, ana East Africa Kennel Club mjini Nairobi. Vifaa vya nyumbani si ghali: mabomba ya plastiki ya kupita kwa kupinda, umbali wa sentimita 60 kati ya bomba na bomba, tairi kuukuu, ubao mpana. Haraka ndiyo ghali. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FCI, hazimruhusu mbwa kushindana kwenye vikwazo kabla ya miezi 18, kwa kuwa viungo vyake bado vinakomaa, na udongo mweusi wa Kitengela ukinyeshewa huteleza kama sabuni, kwa hiyo miezi ya mvua itumike kwa mazoezi ya chini. La kufundisha mapema ni lile la mstari wa kuanzia. Mwongozaji anamkalisha mbwa, anamwacha nyuma, anatembea peke yake hadi kupita kizuizi cha kwanza, pengine hata cha pili, huku mbwa akitetemeka mahali pake, macho mbele. Ni sufuria ileile, ila sasa iko mbali na ina miruko ndani yake. Anayeinuka kabla ya neno hurudishwa nyumbani kwenye zoezi la ugali. Anayesubiri husikia "haya", na saa ya mashindano huanza kuhesabu pale mwili wake unapouvuka mstari.