Pongezi kwa Wapigaji wa Taishokoto

Wastahiki pongezi za dhati wapigaji wa taishokoto wa Mvita, ambao chombo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, wamekitia umeme na kukifanya nguzo ya taarabu ya mwimbaji Bi Zuhura Swaleh, iliyovuma katika harusi za Mombasa. Vibonye vyake, mithili ya vya taipureta, hubana nyuzi penye vituo visivyosogea, hivyo zile robo za sauti ambazo udi huzifikia kwa kuteleza kidole, chombo hiki hakizipati abadani. Fundi hodari huizunguka sauti aikosayo kwa kurukaruka baina ya sauti mbili zilizo jirani nayo, na kwa vile mlio hufifia upesi, risha yake haipumziki.