Ualimu wa Fanya Juu

Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na methali hii imetumika mara nyingi kumfungia mlango wa shule msichana aliyepata mimba. Lakini Machakos ndiko wakulima walikojifunza kuyakinga maji yakiwa mbioni. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, wengi wa wanachama wake wakiwa wanawake, vilichimba mifereji kukatiza miteremko, udongo ukirushwa upande wa juu. Mbinu hiyo ikaitwa fanya juu, na kwa jina hilohilo la Kiswahili inajulikana kwa wataalamu wa udongo hata nje ya Kenya. Kurusha udongo chini ni rahisi zaidi, ila ule wa juu ndio unaojenga tuta, na nyuma ya tuta mvua yenyewe hulisawazisha shamba mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa kina mama wachanga, hasa yule anayesukumwa na imani, ana ufundi wa namna hiyo. Hoja yangu ni kwamba malezi anayoyatoa si nyongeza ya ualimu wake. Ndiyo tuta lenyewe, na bila hilo somo lote huteremka na maji.

Tuangalie ushahidi. Juni 2020 Kenya ilishtushwa na habari kwamba karibu wasichana 4,000 wa miaka 19 kwenda chini walikuwa wameonekana kliniki za Machakos wakiwa na mimba katika miezi 5 tu. Lawama ikatupiwa korona na shule kufungwa. Lakini rekodi za miezi iyo hiyo ya 2019 zilikuwa na idadi kubwa zaidi, na hesabu zote mbili ziliwajumuisha wenye miaka 18 na 19. Basi hayakuwa mafuriko ya mwaka mmoja. Ilikuwa mvua ya kila msimu, na mvua ya kila msimu haikingwi kwa kelele za wiki mbili. Sera nayo si ngeni: Kenya imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni tangu 1994, na mwongozo mpya ukatolewa 2020. Hata hivyo, sheria hufungua mlango tu. Haimbebi mtoto saa nne asubuhi wakati mama yake anahangaika na hesabu.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Gulu, kaskazini mwa Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe alishika uongozi wa shule ya ushonaji ya St. Monica mwaka 2001, wakati wa vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Wasichana waliotekwa na waasi hao wakatoroka msituni walirudi na watoto, naye akawapokea wote wawili, mama na mwana. Uamuzi huo unafaa kuigwa Machakos kuliko cherehani zenyewe. Mwalimu mjuzi hupanga ratiba kwa kufuata saa za kunyonyesha, huweka chumba cha watoto karibu na darasa, humtembelea nyanya nyumbani ili asimfiche mjukuu kwa aibu, na huanzia somo pale lilipokatikia. Mkono mmoja haulei mwana. Yeye huutafuta mkono wa pili.

Wapo wanaosema kumkaribisha msichana huyu ni kuwashawishi wengine wamfuate. Takwimu za kitaifa haziungi mkono hofu hiyo: sera ya kurudi shuleni ikiendelea kuwapo, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba walipungua kutoka asilimia 18 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022. Sidai kwamba sera ndiyo iliyowapunguza, nasema haikuwaongeza. Tena, kwa aliye chini ya miaka 18, mara nyingi mimba ni alama ya kosa alilotendewa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: ushonaji na ususi huweza kuwa kizimba, msichana aliyetaka kuwa daktari akaishia kupinda sketi. Ni kweli. Ufundi wa mikono humpa chakula cha leo, lakini njia ya kuufikia mtihani wa kidato cha nne lazima ibaki wazi kwa anayeitaka.

La mwisho ni dini. Wengine huhofia kwamba mahubiri yatageuka karo anayotozwa msichana kwa aibu yake. Hofu hiyo haitoki hewani, kwani hata shule za dini zimewahi kuwafukuza wajawazito. Lakini Wakristo na Waislamu wote wanamkumbuka Hajiri, mama aliyeachwa nyikani na mwanawe akilia kwa kiu. Hakuulizwa makosa yake, alionyeshwa maji. Imani inayomfikisha mwalimu hapo inastahili sifa, na isiyomfikisha haistahili jina la ualimu. Nchi kavu ya Ukambani, iliko Machakos, inajua thamani ya aliyechimba kabla mvua haijanyesha. Makanisa, misikiti na kaunti, shikeni jembe. Udongo urushwe juu.