Jembe Lenye Uzito

Mavuno yakiisha na vikundi vya ngoma vikaanza kutoana jasho, wapenzi wa bugobogobo hapa Buswelu hurudi kwenye ubishi wao uleule: kikundi gani kinaicheza hasa, na kipi kinaigiza tu? Wapo wanaoangalia asili. Kwao, manju asiyezaliwa Usukumani hana lake. Wapo wanaoangalia mavazi na njuga. Mimi naangalia jembe.

Bugobogobo ni ngoma ya wakulima. Wachezaji hushika majembe ya mkono, huyainua, huyazungusha, huyarusha na kuyadaka, na ngoma kubwa zinawaongoza. Haikutungwa kwa ajili ya jukwaa. Vijana wa kijiji, yaani basumba, chini ya mkubwa wao nsumba ntale, walikwenda kulima shamba la mtu kwa pamoja, na ngoma ikawafuata hadi kwenye matuta. Kisha pamba ikatamalaki Kanda ya Ziwa. Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliviunganisha vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na nyuma ya kila gunia lililofikishwa ghalani kulikuwa na mikono iliyolima. Mwenye shamba alitaka ekari ziishe, vijana walitaka siku iishe bila mgongo kuwatesa, na ngoma ikawapatanisha.

Ndiyo maana mdundo wake una nafasi ndani yake. Msikilize mpigaji anayejua kazi: baada ya pigo zito anaacha mwanya mdogo, sawasawa na muda wa jembe kupanda hadi usawa wa bega kabla halijashuka. Akiharakisha, mlimaji anakosa pumzi. Akichelewa, jembe linaning'inia hewani na mikono inachoka bure. Mwanya huo ndio ninaousikiliza kwanza, kabla hata sijasikia maneno ya wimbo.

Niliwahi kusimama kando ya uwanja mmoja wa mazoezi hapa Buswelu, ngoma zimeegeshwa karibu na moto wa mabua ili ngozi zikaze. Mama mmoja alikuwa na jembe lililolika, bapa lake limebaki fupi, mpini unang'aa kwa viganja. Alilirusha, likajizungusha mara moja, akalidaka. Halikwenda juu sana. Lakini lilipotua mkononi, magoti yake yalikunjika kidogo, pumzi ikamtoka kwa sauti, na sauti hiyo ikaangukia palepale kwenye pigo la ngoma. Pembeni yake kijana mmoja alikuwa na jembe la mbao lililopakwa rangi ya fedha. Yeye alilirusha juu mara mbili ya mama yule na watoto wakamshangilia. Magoti yake hayakukunjika, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuyakunja. Alikuwa mwepesi, hodari, mzuri wa kutazama, na bado bugobogobo ilikuwa kwa yule mama.

Simsemi kijana kwa sababu ya alikozaliwa. Hata Marekani ubishi huu upo, kuhusu roki ya kusini. The Allman Brothers Band walijikita Macon, Georgia, mwaka 1969, na Lynyrd Skynyrd walitoka Jacksonville, Florida. Hao hawana mpinzani. Lakini Creedence Clearwater Revival, ambao muziki wao unanukia vinamasi vya Louisiana, walikuwa vijana wa El Cerrito, California. Walisikiliza kwa makini, wakauingiza muziki wa wengine miilini mwao. Vivyo hivyo, bugobogobo imefundishwa kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kwa vijana wa makabila mengi ya nchi hii, na sioni kwa nini Mmakonde aliyefundishwa vizuri asimshinde Msukuma mvivu.

Usukumani, hata hivyo, kuna mahakama ambayo Bagamoyo haina. Simulizi za hapa zinasema waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa zao, na kutoka kwao zikazaliwa pande mbili za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu. Hadi leo, kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, parokia ya Kikatoliki aliyowahi kuihudumia Padre David Clement, kila mwaka inapofika sikukuu ya Ekaristi Takatifu, pande hizo hukutana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Wengine watasema ni samba, dawa ya mvuto. Iwe hivyo. Mimi nimeona watu wakikimbilia jembe lililorushwa juu sana, kisha, ngoma ikikolea, wakaanza kurudi taratibu kule ambako mdundo una nafasi.

Hofu yangu iko karibu na nyumbani. Buswelu sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Ilemela. Mashamba yamepimwa viwanja, na mtoto anaweza kumaliza shule hajawahi kuinua tuta. Vikundi vinaitwa kwenye harusi na kwenye mikutano ya siasa, dakika chache, mbele ya spika kubwa, na jembe la mbao ni rahisi kubeba kwenye bajaji. Sitaki kumlaumu anayetafuta riziki. Ninachowaomba walimu wa vikundi ni kimoja: kabla mtoto hajafundishwa kurusha, apewe jembe la chuma, mpigaji akae ukingoni na ngoma yake, na mtoto alime tuta moja kwa mdundo hadi mwisho. Viwanja ambavyo havijajengwa bado vipo, na mvua za vuli zikianza ardhi yake inalimika.