Skrini Inayoitika Hodi

Ukiifungua GIMP, programu huria ya kuhariri picha, kabla ya yote hutokea mchoro katikati ya skrini, na juu yake maneno madogo yanayobadilika upesi: mara inapakia brashi, mara inasoma fonti. Ikifika kwenye fonti hukutahadharisha kwamba huenda ikachukua muda. Naipenda sana tahadhari hiyo. Aliyeiandika alimkumbuka mtu mwenye fonti mamia kwenye kompyuta yake.

Mgeni akibisha hodi, mwenyeji huitika kwanza, ufunguo utafutwe baadaye. Programu isiyoitika hubofywa tena na tena, mwishowe zinafunguka tatu na mashine nzima inakwama.

Kuitika huko kunataka ufundi. Kwa kawaida programu ya kompyuta huchora madirisha yake kwa njia moja ya utendaji; njia hiyohiyo ikibebeshwa kusoma mafaili mazito, mchoro unaganda. Fundi makini huipeleka kazi ya kupakia pembeni ili mchoro uendelee kutembea. Waliotengeneza Java 6, toleo la jukwaa la kuendeshea programu lililotoka 2006, walikwenda mbali zaidi: picha ya kufungulia, hata GIF inayocheza, huweza kutokea kabla mashine pepe ya Java yenyewe haijaamka.

Lakini ustadi ninaouvulia kofia ni wa Windows 95, ingawa pale ulikuwa ukiwaka mfumo mzima. Utepe wa chini ya picha yake ya mawingu ulionekana ukitiririka, kumbe hakuna nukta iliyochorwa upya! Kila nukta ilibeba namba tu ya rangi, kati ya rangi 256. Kilichozungushwa ni orodha ya rangi. Nukta zilikaa palepale. Mashine iliyokuwa imeelemewa na kazi ya kuwaka ikapata mwendo karibu bure.

Mchoro uliotengwa na kazi una hatari yake: unaweza kuzunguka kwa madaha ilhali kazi imeshakufa. Ndiyo maana maneno yale ya GIMP yana thamani zaidi kuliko duara lolote linalozunguka, kwa kuwa yanatoka kwenye kazi yenyewe.

Basi wewe unayeandika programu, yaache maneno yaseme kinachofanyika kweli. Na dirisha likiwa tayari, iondoe picha papo hapo. Usimcheleweshe mtu hata sekunde moja ili aione nembo yako.